Maji Yalifika Wapi? Swali la Wanafunzi kwa Wazee wa Bonde la Msimbazi

Anayetoka Kariakoo kwa miguu kwenda Magomeni hufuata Mtaa wa Msimbazi hadi penye kituo cha Zimamoto, mahali ambapo wenyeji hupaita Faya, kisha hushika Barabara ya Morogoro. Nyuma yake huacha maghorofa, maduka ya vitenge na sauti za wasukuma mikokoteni wanaoomba njia. Mbele yake ardhi hushuka ghafla. Hapo ndipo Jangwani. Wakati wa kiangazi ni uwanda wa majani na vumbi, na mgeni anaweza kudhani kwamba jina lake limempasa. Wakati wa masika uwanda huohuo hugeuka ziwa la tope, barabara ikafungwa, mabasi ya mwendokasi yakasitisha safari, na wafanyabiashara wa Kariakoo wanaoishi ng'ambo ya pili wakabaki wamesimama wakitazama maji.

Kwa wapenzi wa kandanda, Msimbazi ni Simba na Jangwani ni Yanga, na majina hayo husikika redioni kila wiki pasi na mtu kuyakumbuka maji. Lakini Msimbazi kwanza ni mto. Huanzia kwenye vilima vya Pugu na Kisarawe, ukalikata jiji kwa mwendo wa kilomita zipatazo 35, ukapokea vijito na mitaro njiani, kisha ukaingia baharini karibu na Daraja la Salenda. Maji yasiyopata pa kuzama, kwa kuwa juu yake pamejengwa, pamewekwa lami au pamemwagwa zege, hulitafuta bonde hilo. Na ndani ya bonde hilo wanaishi watu.

Desemba 2011, siku chache tu baada ya nchi kusherehekea miaka 50 ya Uhuru, mvua ilinyesha Dar es Salaam kwa kiasi ambacho wataalamu wa hali ya hewa walisema hakikuwahi kuonekana tangu mwaka 1954. Watu zaidi ya 40 walipoteza maisha. Maelfu walibaki bila ya makazi, na familia nyingi za bondeni zikahamishiwa Mabwepande, nje kabisa ya mji upande wa kaskazini, mbali na soko, mbali na shule za watoto na mbali na vibarua vilivyokuwa vikiwalisha.

Baada ya msiba wa namna hiyo sote tunajua la kufanya. Misikiti huomba dua, akina mama hukusanya nguo na vyombo, wenye uwezo hutoa mchele na magodoro. Ni wajibu, na jamii yetu haijawahi kuupuuza. Lakini palikuwa na swali ambalo magodoro hayakuweza kulijibu. Nani aliishi wapi? Njia ipi ilipitika na ipi iligeuka mto? Mtaro upi ulifurika kwanza, na kwa nini ule? Hapakuwa na karatasi yenye majibu hayo, kwa sababu sehemu kubwa ya makazi ya jiji hili ilijengwa bila ya kupimwa. Katika ramani nyingi, mtaa wenye maelfu ya watu ulikuwa doa tupu kati ya barabara mbili.

Pengo hilo ndilo wanafunzi walilolishughulikia.

Mwaka huohuo wa 2011 wanafunzi wa mipango miji wa Chuo Kikuu Ardhi walikuwa wamekwisha kuingia Tandale na kuichora pamoja na wakaazi wake. Walitembea uchochoro kwa uchochoro na vifaa vya kunasa majira ya mahali, wakaandika yalipo mabomba ya maji, vyoo, shule, misikiti na zahanati. Waliyaweka waliyoyapata katika OpenStreetMap, ramani ya dunia ambayo mtu yeyote anaruhusiwa kuisoma na kuiongezea. Inafaa kutaja kwamba hata ramani hiyo ilianzishwa na mwanafunzi. Steve Coast aliianza mwaka 2004 akiwa bado anasoma London, akiwa amechoshwa na ramani za nchi yake ambazo hazikupatikana ila kwa malipo.

Kutokana na mbegu ya Tandale, mwaka 2015 ulizaliwa mradi mkubwa zaidi uitwao Ramani Huria. Ndani yake walikuwamo Tume ya Sayansi na Teknolojia, Benki ya Dunia, Chama cha Msalaba Mwekundu na Halmashauri ya Jiji. Lakini miguu iliyotembea ilikuwa ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wa Chuo Kikuu Ardhi, wavulana kwa wasichana, wakishirikiana na wakaazi wa kata zenyewe. Wengine walikuwa katika likizo ndefu, wengine katika mafunzo kwa vitendo. Ndege ndogo zisizo na rubani zilirushwa kupiga picha kutoka angani, na magazeti yalizishangilia sana ndege hizo. Kwa maoni yangu zilishangiliwa kupita kiasi. Ndege huona paa. Haiuoni mtaro uliofunikwa kwa mbao, wala haijui kwamba paa lile ni la madrasa na lile jingine ni la kisima. Mambo hayo hujulikana kwa kushuka chini na kuuliza.

Nao walishuka. Walichapa picha za mtaa katika karatasi, wakaenda nazo mkononi wakitia alama kwa kalamu: hapa duka, hapa kalvati, hapa mtaro wa zege, hapa mtaro wa udongo. Mitaro waliipima upana na kina, wakaandika kama iko wazi au imeziba. Ni kazi ya kuchosha, ya kusimama juani ukitazama maji machafu, na haina picha nzuri ya kuwapelekea jamaa nyumbani.

Kisha lilikuja swali ambalo, kwa mtazamo wangu, ndilo ubunifu wenyewe. Ili mtu aweze kukadiria mafuriko yajayo ni lazima ajue yaliyopita yalifika wapi. Vipimo vya kitaalamu havikuwamo bondeni, lakini walikuwamo watu walioyaona maji kwa macho yao. Basi badala ya kuwauliza wakaazi kuhusu sentimita, waliwauliza kuhusu miili yao. Maji yalifika kwenye kifundo cha mguu? Magotini? Kiunoni? Kifuani?

Msomaji ajaribu kujiweka mahali pa mwanafunzi huyo. Unabisha hodi, unatoa shikamoo, unakaribishwa barazani kwenye mkeka. Ukimwuliza bibi mwenye nyumba kuhusu kina cha mafuriko katika mita, atakutazama tu, au kwa adabu atakutajia tarakimu ili aondokane nawe. Ukimwuliza, "Bibi, mwaka ule maji yalikufika wapi?" atasimama, ataweka mkono kifuani, kisha atakuonyesha ukutani mstari ambao rangi haijaufuta. Atakueleza yalikoingilia, saa ngapi za usiku, na ni mlango gani waliuvunja ili kutoka. Elimu hiyo ilikuwa mtaani miaka yote. Iliyokosekana ni adabu ya kuiuliza kwa namna inayojibika, na mtu wa kuiandika.

Palikuwa na jambo jingine ambalo wasomi wengi wangelipita. Serikali hupanga kwa mkoa, wilaya, kata na mtaa. Lakini mtu wa Dar es Salaam akipatwa na jambo usiku hamkimbilii mkurugenzi. Humwendea mjumbe wake wa shina. Mjumbe ndiye anayejua nyumba ipi ina mgonjwa asiyeweza kutembea na ipi ina mjane mwenye watoto wadogo. Mipaka ya mashina haikuwa imechorwa popote. Ilikuwa vichwani mwa wajumbe wenyewe. Wachora ramani walitembea nao, wazee kwa vijana, mjumbe akionyesha kidole kwamba shina lake linaishia penye mwembe ule na la mwenzake linaanzia penye ukuta huu. Hivyo mstari ambao ulikuwa ni maneno tu ukawa mstari wa ramani, na msaada ukija unaweza kufika kwa mtu anayejua majina.

Haikuwa rahisi kama inavyosomeka. Mtu anayeishi bondeni hana sababu ya kumwamini kijana anayekuja na karatasi akapima ukuta wake. Desemba ya mwaka huohuo wa 2015 tingatinga ziliingia Mkwajuni na sehemu nyingine za Bonde la Msimbazi, na nyumba nyingi zikaandikwa alama ya X kwa rangi nyekundu. Serikali ilisema wakaazi wale wako mahali pa hatari na penye makatazo ya kisheria. Wakaazi walisema hawana pa kwenda na kwamba mvua haijawahi kuwafukuza kwa ukatili ule. Sisemi kwamba kalamu ya mwanafunzi ilihusika na rangi ile. Nasema tu kwamba kwa mama aliyeketi juu ya kifusi cha nyumba yake, kupimwa na kubomolewa ni mambo yanayofanana sana.

Ndiyo maana jina la mradi ule lilikuwa na uzito. Huria maana yake ramani haifungiwi kabati. Mwenye nyumba anaiona, mjumbe anaiona, wakili wake anaiona, na ofisa wa mipango miji anaona ileile. Nakala zilizochapwa zilirudishwa katani. Ramani iliyo wazi inaweza kumdhuru mnyonge. Lakini iliyofichwa humdhuru bila ya yeye kujua imeandika nini. Nimelipima jambo hili mara nyingi, na bado naona la kwanza ni afadhali.

Dar es Salaam haikuwa peke yake. Jakarta, mji mkuu wa nchi yenye Waislamu wengi kuliko zote duniani, nao ni mji wa mafuriko, na mwaka 2012 wanafunzi wa huko walikaa na viongozi wa mitaa yao wakaichora kwa namna inayokaribiana na hii. Karibu zaidi nasi, kuanzia mwaka 2016 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar walishiriki kuzipiga picha Unguja na Pemba kutoka angani na kuzitengenezea ramani, kazi ambayo zamani ingeagiziwa ndege na wataalamu kutoka ng'ambo kwa gharama kubwa.

Hapa nataka kukumbusha kisa ambacho masheikh wetu hukisimulia, nacho kimo katika Sahihi Bukhari. Sayyidna Umar (Mwenyezi Mungu awe radhi naye) alikuwa akimwingiza Abdullah bin Abbas, naye kijana, katika baraza la wazee waliopigana Badr. Baadhi yao hawakupendezwa. Wakauliza kwa nini huyu aketi nasi, ilhali tuna watoto wa rika lake. Umar hakuwajibu kwa hotuba. Aliwaita siku moja pamoja na kijana huyo, akawauliza maana ya Surat An-Nasr. Wengine walisema ni amri ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumwomba msamaha ushindi unapokuja; wengine walinyamaza. Ibn Abbas alisema kwamba ndani yake Mtume (rehema na amani zimshukie) alikuwa akijulishwa kuwa ajali yake imekaribia. Umar akasema kwamba yeye naye hajui ila hilo.

Kinachonivutia katika kisa hiki ni kwamba Umar hakumsifu kijana, wala hakumpa zawadi. Alimpa swali zito mbele ya watu wazito, kisha akalipokea jibu lake. Tukitazama mabaraza yetu, mara nyingi kijana huitwa kupanga viti, kutengeneza kipaza sauti na kusoma kaswida. Baada ya hapo huambiwa apishe, wazee wanazungumza. Mzazi aliyelipa ada ya chuo kwa jasho la miaka, akauza hata kiwanja, hamwulizi mwanawe alichojifunza kuhusu mtaro unaonuka mbele ya mlango wao. Mwana naye, kwa heshima, hasemi.

Kwa haki lazima niseme na upande wa pili. Ramani haichimbi mtaro. Baada ya wanafunzi kumaliza kazi, mafuriko yalirudi, likiwamo la Aprili 2018 na la Oktoba 2020, na watu wakafa tena. Mwaka 2018 ulifanyika mfululizo wa vikao vya kupanga hatima ya bonde zima, wakaazi na wataalamu wakiwa katika meza moja, na mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa ajili ya kazi hiyo, likiwamo daraja jipya la Jangwani. Kuanzia maji ya 2011 hadi mkopo huo ni miaka 11. Aliyekuwa darasa la kwanza mafuriko yale yalipokuja alikuwa amekwisha maliza kidato cha nne.

Lakini yapo mambo yasiyosubiri mkopo, nayo yako juu kilimani, Kariakoo kwetu. Maji yanayowakuta watu wa Jangwani vifuani hayakuanzia Jangwani. Sehemu yake yametoka kwenye mapaa na mitaa ya wenye maduka, yakiwa yamebeba maboksi, chupa na nailoni za kufungia bidhaa. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku kuanzia Juni 2019 na ikapungua, ila vifungashio vingine vimebaki, na jioni maduka yanapofungwa kuna mikono inayovifagilia mtaroni. Duka linafungwa kwa bismillahi na taka zinapelekwa kwa jirani wa bondeni. Kuondoa udhia njiani ni katika matawi ya imani, tumefundishwa hivyo tangu chuoni kwa maalimu. Sijui tunafundishana wapi kuusogeza udhia mita 500 kutelemka.

Na Kariakoo ina ukumbusho mkubwa wa akili ya namna nyingine, japo wengi hupita chini yake bila ya kuinua macho. Soko kuu lililofunguliwa mwaka 1975 lilibuniwa na Mtanzania, Beda Amuli. Paa lake aliligawa katika miavuli mikubwa ya zege iliyogeuzwa, mapana juu na membamba chini, ili hewa ipite na mvua ishukie ndani ya nguzo hadi kwenye matangi. Mvua ileile ambayo bondeni ni msiba, yeye aliihesabu kuwa mali ya soko. Moto wa Julai 2021 uliliunguza soko hilo, na kazi ya kulikarabati ikafuata. Lakini wazo lake la kuipa mvua pa kwenda kabla haijaamua yenyewe halikuungua.

Basi pendekezo langu kwa familia na kwa walimu wa madrasa za Kariakoo, Gerezani, Jangwani na Mchikichini ni dogo, halihitaji ndege wala ufadhili. Kabla ya vuli, chagueni mtaa mmoja tu, ule ulipo msikiti wenu. Vijana wa sekondari na wa vyuo watembee na mjumbe asubuhi ya Jumamosi, wauchore mtaro kutoka unapoanza hadi unapopotelea. Waandike ulipoziba na umeziba kwa nini, kwani mtaro uliozibwa na mchanga una dawa yake na uliozibwa na ngazi ya duka la mtu una dawa nyingine, tena hiyo ya pili inahitaji mzee mwenye haya usoni mwa watu aende akazungumze na mwenye duka. Waulize wenyeji maji yalifika wapi, na wayaandike majibu kwa kipimo cha kifundo, goti na kiuno.

Ila kwa wazazi nina sharti. Watoto wadogo wasiingizwe mtaroni. Mna vioo, sindano na nyaya, na maji yale ni maji ya kipindupindu. Jiji halijasahau mlipuko ulioanza Agosti 2015. Kuchora si kuzoa. Wazoaji wawe watu wazima wenye glavu na mabuti, na taka zikishatolewa zisiachwe ukingoni zikirudi na mvua ya kwanza.

Karatasi hiyo ikikamilika, isomwe msikitini baada ya sala ya Ijumaa, na aisome kijana aliyeichora, siyo katibu kwa niaba yake. Kisha nakala moja iende kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, na vijana waiingize katika ramani huria kwa simu zao. Mitaro mingi iliyochorwa miaka ile bado imo humo, mistari myembamba ya buluu, na mingine duniani haipo tena: imefukiwa, imejengewa, imehamishwa. Mstari wenye makosa husahihishwa na yeyote aliyepita pale juzi. Vuli huanza Oktoba.